Waya wa Pili

Sikuzani alipanda ngazi tena. Magoti yalimuuma. Tangu asubuhi alikuwa akipanda na kushuka, na swali lake lilikuwa lile lile.

"Dokta, picha imefika?"

"Apana, Mama Lubna," alijibu Daktari Daphrose. "Kwenye kompyuta alama inazunguka tu."

Sikuzani na mumewe Massoudi walikuwa na kituo kidogo cha kupiga picha za kifua na mifupa, katika mtaa wa Quartier Asiatique. Sikuzani alipiga picha chini. Daphrose alizisoma juu, kwenye kompyuta yake. Chini palikuwa na swichi, kisanduku chenye matundu ya kuchomeka nyaya za mashine zote. Juu palikuwa na swichi nyingine. Waya mmoja tu uliziunganisha. Zamani ulitosha. Siku hizi imeongezeka mashine ya kutazama mimba, zimeongezeka na kamera za mlangoni. Zote zilibanana kwenye waya ule ule.

Siku hiyo Mzee Télesphore wa Kinama aliketi kwenye benchi, akihema kwa shida. Binti yake Orlane alimshika bega.

"Mama, tungoje mpaka saa ngapi? Baba anachoka."

Sikuzani akashika tena ngazi. Massoudi alimtazama mkewe, akamwonea huruma. Alichukua waya mpya, akauchomeka kwenye swichi ya chini, akaupandisha, akauchomeka kwenye swichi ya juu.

"Sasa zitapata njia mbili," alisema.

Taa za swichi zikaanza kumetameta zote kwa pamoja, kama zimepata wazimu. Kisha kazi yote ikasimama.

"Huku hakuna kitu tena!" Daphrose aliita kutoka juu. "Hata picha za jana hazifunguki!"

Sikuzani akaketi kwenye ngazi. "Baba Lubna, umefanya nini? Mi nimechoka."

Massoudi alikimbilia jengo la jirani kumwita Houda, fundi wa mitandao ya kompyuta. Houda alifika, akauliza nini kilichomekwa mwisho, akauchomoa waya mpya. Taa zikatulia. Baada ya muda picha ya mzee ikafika juu. Daphrose aliitazama, akateremka mbio.

"Maji yamejaa kifuani. Aende hospitali sasa hivi."

Orlane na baba yake waliondoka kwa teksi. Sikuzani alilitazama benchi lililobaki tupu. Mzee alikaa pale muda wote ule, aliwaza, na picha yake iko tayari.

"Wazo la waya wa pili si baya," Houda alisema. "Lakini hamkuziambia swichi. Ujumbe ulipanda kwa waya huu, ukashuka kwa ule, ukapanda tena. Haukuisha, ukajaza njia yote."

"Mbona ofisini kwa rafiki yangu nyaya mbili hazikuleta shida?" Massoudi aliuliza.

"Swichi zake zina ulinzi. Zinaufunga waya wa pili zenyewe. Zenu ulinzi umezimwa, nitauwasha. Lakini waya uliofungwa unakaa bure tu."

"Sasa tufanye nini?" Sikuzani aliuliza.

"Tuunde kundi la nyaya. Si kila swichi inaweza, ila zenu zinaweza. Tunachagua matundu mawili yenye kasi moja, tunaiambia swichi: haya ni mlango mmoja. Juu tunafanya hivyo, na chini vile vile. Upande mmoja ukisahauliwa, shida inarudi. Tukimaliza, ndipo tunachomeka waya wa pili."

"Basi picha itapita haraka mara mbili?"

"Apana, Mama Lubna. Picha moja inapita waya mmoja. Lakini kamera zinaweza kupita huku, picha yako ikapita kule. Swichi inaangalia nani anatuma na nani anapokea, halafu inagawa. Mara nyingine wawili wanaangukia waya mmoja. Hata hivyo foleni inapungua."

"Na waya mmoja ukikatika?"

"Kila kitu kinahamia kwa mwenzake. Kazi itakuwa polepole kidogo, lakini haitasimama."

Houda alipanga swichi ya juu, kisha ya chini. Ndipo akachomeka waya wa pili. Safari hii taa hazikupata wazimu. Picha zilianza kupanda, na Sikuzani akabaki chini kwenye mashine yake.

Mwezi uliofuata Mzee Télesphore alirudi kupimwa tena. Alikuja akitembea mwenyewe, Orlane nyuma yake. Sikuzani alimpiga picha. Mzee alikuwa bado anafunga vifungo vya shati Daphrose alipoita kutoka juu:

"Kifua kimekauka, Mzee! Rudi nyumbani upumzike."

Orlane alicheka, huku akijifuta macho.

Walipokwisha kuondoka, Massoudi aliinama kwenye swichi. Taa ya waya mmoja kati ya zile nyaya mbili ilikuwa imezimika. Aliufuata waya mpaka nyuma ya kabati.

"Panya ameukata huu," alisema. "Toka lini, sijui. Hakuna mutu aliyeona."

Sikuzani alivua viatu, akanyoosha miguu. Wagonjwa walikuwa wengi tangu asubuhi.

"Umwite Houda," alisema. "Lakini kwanza na we ukae."