Aliyefika Alhamisi

Alhamisi moja ya mwaka wa hamsini na saba, jua likizama nyuma ya Menengai, Nabalayo alishuka mtoni kuchota maji. Alikaa kwenye kambi ya kiwanda cha mbao, juu kule Dundori. Mumewe, Wamalwa, alipasua mbao hapo mpaka homa ya mapafu ikamchukua. Alimwachia shilingi mia tatu za kununua cherehani, naye akazifukia chini ya mafiga. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua: Akeyo, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliyelala naye sakafuni siku zote za matanga.

Ukungu ulikuwa unashuka. Alipoinama na debe, harufu ya mbao mbichi ikamjaa puani.

Kiwanda kilikuwa kimefungwa tangu mchana.

"Mama... mumeo analia."

Mwanamume alisimama nyuma yake. Koti refu. Kofia imemfunika uso.

"Zile pesa za chini ya mafiga zina homa yake," akanong'ona. "Ukishona nazo, utashona sanda yako. Nipe nizioshe. Jumapili utazikuta pale pale. Usimwambie mtu."

Mbali na Akeyo, nani angejua habari ya mafiga, kama si marehemu? Nabalayo alikimbia, akafukua, akaleta kopo la pesa. Mkono uliolipokea ulikuwa baridi kama jiwe la mto. Akainua macho...

Hapakuwa na mtu.

Jumamosi jioni, Akeyo akapiga hodi. Aliandamana na mwanamume mfupi mwenye mkoba wa ngozi.

"Dada, huyu ni mganga kutoka Kabazi. Mumeo amemjia ndotoni."

Mganga akafumba macho, akatetemeka. "Naona mafiga... naona pesa zenye homa... Ukishona nazo, utashona sanda yako."

Nabalayo hakumtazama yeye. Alimtazama Akeyo, na Akeyo akatazama chini.

"Ulimwambia."

"Nabalayo, shida zilinibana..."

"Nilikuonyesha wewe peke yako. Siku ile nililia mbele yako." Sauti yake ilikuwa ndogo, kavu. "Basi mmechelewa. Mwenzenu alizichukua Alhamisi, kwa maneno haya haya."

Mganga akafumbua macho. Kutetemeka kukaisha.

"Mwenzetu yupi? Hayo maneno nimeyatunga leo njiani. Hata dada yangu hapa alikuwa hajayasikia."

Dada yangu. Kumbe ni ndugu wa tumbo moja.

"Alifananaje?" Akeyo akanong'ona.

"Sikuona uso. Alinuka mbao mbichi."

Yule kaka alikamata mkoba wake, akashika barabara bila kuaga. Akeyo akabaki mlangoni.

"Niache nilale kwako leo. Naogopa."

Nabalayo akafunga mlango, akatia komeo.

Alisikia nyayo zake zikienda. Mlango wa jirani ukalia. Kisha, kwenye nyufa za ukuta wa mabanzi, ile harufu ikapenya... na sauti ya Akeyo, nzito kama ya mtu aliye usingizini.

"Zangu? Ziko... ziko ndani ya godoro."

Kitambaa kikachanika. Polepole.

Nabalayo angeweza kugonga ukuta. Angeweza kuita. Alikaa tu kitandani, mikono mapajani, akisikiliza mpaka kukanyamaza.

Jumapili, chini ya mafiga palikuwa na majivu matupu. Nje, Akeyo alikuwa ameketi kizingitini, nyasi za godoro zimejaa nyweleni, midomo ikicheza bila neno.

Nabalayo akampita bila salamu, akaenda kanisani.