Kuku Mwenye Raketi

Lifti ya jengo la maduka ilikuwa imegoma tangu asubuhi, na watu walijazana mlangoni pake wakilalamika kana kwamba malalamiko yangewapandisha ghorofani. Fundi wa lifti alichomoza humo ndani, ovaroli imelowa grisi, akamwona dada mmoja ambaye hakuwa na habari kabisa na ghasia ile. Alivaa koti jeupe la duka la dawa, limepigwa pasi likapigika, na kidole chake kilikuwa kikihangaika kwenye simu. Mle ndani kuku wa katuni, kichwa kikubwa, sketi fupi, raketi mkononi, alikuwa akimpelekesha paka uwanja mzima wa tenisi.

“Mrushie nyuma,” fundi akasema. “Huyo paka hana mbio za kurudi.”

“Kwani wewe kocha wa kuku?”

“Mimi fundi wa lifti.”

“Basi tengeneza lifti, kaka. Kuku niachie mwenyewe.”

Kuku akafungwa palepale. Mfamasia akainua macho, akaangua kicheko, na fundi akasahau bisibisi yake iko mfuko gani.

Wakapeana namba, na tangu hapo wakawa wanakutana kwenye uwanja ule wa simuni kila jioni, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, mfamasia kuku, fundi paka. Mchezo wenyewe wa kitoto. Unatelezesha kidole, mpira unakwenda, na ukiwa na la kusema unatuma kijiuso cha kucheka, cha kutoa ulimi au cha busu, maana maneno haupokei. Mafundi wenzake, waliozoea michezo ya bunduki na magari, walimcheka sana. Yeye wala. Ile michezo yao ilimchosha macho, na huu ulimpumzisha moyo.

Wakimaliza, simu inaita.

“Ghorofa wangu, umelala?”

“Nimelala chali, daktari wangu. Njoo uniinue.”

“Inuka mwenyewe, si una lifti?”

Ikafika siku ya fundi kwenda kujitambulisha kwa wajomba wa mfamasia. Hakutokea. Lifti ilikuwa imekwama na watu ndani, na alipowatoa wote, wajomba walikuwa wamengoja hadi chakula kikapoa. Hapo angepiga simu. Badala yake aliona aibu, akaizima. Kesho yake alipopiga, haikupokelewa, na hata siku zilizofuata ikawa vilevile.

Lakini jioni, kuku akaingia uwanjani.

Fundi alifurahi nusura aidondoshe simu. Kuku wa sasa alikuwa mjanja kupindukia, anaachia vimpira vifupi karibu na wavu, paka wa watu anakimbia hadi anaanguka. Hasira zimemnoa, fundi akajiambia. Akawa anafungwa anatuma busu, anafungwa tena anatuma mawili. Jioni moja kuku naye akarudisha busu. Asubuhi fundi akaazima simu ya mwenzake, akapiga.

“Mpenzi, kwa hiyo umenisamehe?”

“Nani kakwambia?”

“Jana si ulinibusu?”

“Mimi?”

“Kwenye tenisi!”

“Mchezo ule niliufuta kwenye simu yangu siku ileile. Umebaki kwenye tableti ya hapa nyumbani, kwa akaunti yangu ileile, na anayeishika ni…” Sauti ikageukia kando. “Mama! Hebu njoo hapa!”

Jasho likamtoka fundi. Mama mkwe! Mtu ambaye hakuwahi hata kumwamkia, amemrushia mabusu wiki nzima, na juzi alimtolea ulimi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mabusu yako nimeyapokea kwa niaba. Hilo langu la jana kidole kiliteleza.”

“Nisamehe, mama, sikujua.”

“Nilitaka kumjua mtu anayemliza binti yangu. Nimekufunga kila jioni, na kila jioni umerudi, wala hununi. Sasa njoo umwambie mwenyewe. Mimi siwezi kukusemea.”

Alifika kabla ya saa sita, shati la bluu, viatu vinang’aa. Mfamasia alikuwa sebuleni na gauni la njano, macho yamemvimba.

“Mama amekusamehe. Mimi bado.”

“Lifti ilikwama kweli. Kulikuwa na watu ndani.”

“Najua, nilisikia. Kwa nini hukunipigia?”

Angeweza kusema chaji iliisha. Uongo ulikuwa tayari ulimini. “Niliona aibu,” akasema. “Nilijua nimechelewa, nikaiogopa sauti yako, nikazima simu.”

“Ungesema hivyo mapema nisingelia siku zote hizi. Nilidhani hunitaki.”

“Nakutaka mpaka naumwa.”

Nyuma ya pazia mtu akakohoa. Mfamasia akachukua simu yake, akapiga. “Mjomba, mgeni wenu amefika. Ndiyo, leo. Njooni mkipata nafasi.” Akamgeukia fundi. “Walikungoja. Leo utawangoja wewe.”

“Hata mpaka kesho.”

“Na kazini wakikuita?”

Fundi akaitoa simu yake, imewashwa, akamwekea kiganjani. “Yupo mwenzangu wa zamu. Ikiita, pokea wewe. Waambie niko kwa mke wangu.”

“Sijawa bado.”

“Basi waambie namngoja.”

Wajomba walichelewa, tena kwa makusudi mazima. Fundi alikaa kwenye kiti kigumu cha pale sebuleni, mkono wa mfamasia ndani ya wake, akimwomba Mungu wazidi kuchelewa.