Pai ya Boksi la Kumi na Nne

Maiti ya mshonaji ilikuwa imelala chali sakafuni jikoni, mkono mmoja shingoni, kama mtu aliyetaka kulegeza kola iliyombana. Watu wa ambulansi walikuwa wameshakata tamaa na kuanza kukunja vifaa vyao. Mezani palikuwa na sahani mbili za pai ya kuku. Moja ilikuwa imedonolewa tu. Nyingine ilikuwa imekombwa.

"Mlimtibu nini?" aliuliza Inspekta, mwanamke ambaye kituoni walimwita Mama Taratibu kwa kuwa hakuwahi kupaza sauti.

"Pumu, Afande. Tulimwuliza mumewe amekula nini, akatuonyesha boksi. Limeandikwa halina gluteni, ile ya kwenye ngano. Akasema hana ngano tumboni."

Mume, fundi friji, alikuwa amejiinamia kwenye kigoda. Hakulia. Mdogo wa marehemu ndiye aliyelia kwa wote wawili.

"Kiwanda kimeniulia dada!" alipiga kelele. "Ngano kwake ilikuwa sumu, daktari alisema! Akionja tu anavimba koo. Ndiyo maana alikuwa anakula hayo madude ya unga wa maboksi."

Inspekta alifungua kabati. Maboksi matupu kumi na matatu yalipangwa kwa namba, na kando yake daftari la vipimo vya nguo. Kurasa za nyuma mshonaji alikuwa akiyapa maboksi maksi, kwa mwandiko mdogo:

*La kwanza: mchanga. La nne: limekataa kushikana, nimekula kwa kijiko huku nalia. La sita, pai ya kuku: afadhali nile kadibodi lenyewe. La tisa: nimemwambia mume wangu nimeshiba. Sijashiba tangu mwaka jana.*

Kisha mwandiko ukachangamka.

*La kumi na mbili, pai ya kuku: leo imeshikana kidogo! La kumi na tatu: nimeongeza sahani ya pili.*

Inspekta aligeukia tena kabati, akalichukua boksi la sita na la kumi na mbili, akayaweka sambamba. Kiwanda kilekile. Pai ileile.

"Sajini," alimwambia msaidizi wake polepole, "kadibodi linageukaje kuwa chakula?"

Majibu ya maabara yalifika siku ya tatu. Unga uliobaki kwenye boksi la kumi na nne, lile la mwisho, ulikuwa na ngano zaidi ya nusu. Maboksi ya toleo hilohilo yaliyochukuliwa dukani hayakuwa na hata chembe. Mfuko wa plastiki wa ndani ulikuwa na mishono miwili: wa juu wa kiwandani, wenye meno-meno, na wa chini, laini, uliobandikwa kwa joto. Kwenye pasi ya marehemu, chumba cha cherehani, mtaalamu alikwangua plastiki iliyoungua. Alama za vidole kwenye mfuko hazikuwa za mshonaji peke yake.

Fundi friji aliletwa chumba cha mahojiano asubuhi.

"Pai alipika nani?"

"Yeye."

"Boksi alifungua nani?"

"Yeye."

"Na kabla yake?"

Inspekta alisukuma picha ya pasi mezani. Mwanamume yule aliitazama, mabega yakamwanguka.

"Alibaki kilo thelathini na nane, Afande. Mtu niliyemwoa alikuwa anajaza mlango. Nikimshika usiku nahesabu mbavu. Kila boksi jipya ananitolea tabasamu, anatafuna, anakwenda kutema bafuni akidhani sisikii."

"Ukaamua kumwekea ngano."

"Kijiko kimoja. Nikakaa macho kumsikiliza anavyopumua. Hakuumwa. Boksi lililofuata, viwili. Hakuumwa. Nikasema daktari kakosea, mke wangu anakufa njaa kwa hofu tu." Alifuta uso kwa kiganja. "Hili la mwisho nikamwaga kikombe kizima. Alikomba sahani yote. Alicheka, akaniambia, 'Mume wangu, nimepona.'"

Sajini aliacha kuandika.

Inspekta alimsogezea maji. Hayakuguswa.

"Hilo naweza kulielewa," alisema. "Lakini ambulansi ilifika bado anapumua. Ungesema ngano, wangemchoma sindano ya mzio palepale. Sindano walikuwa nayo. Uliwaambia hakuna ngano. Kwa nini? Uliogopa jela?"

"Jela?" Fundi alimtazama kama aliyeulizwa kwa lugha ngeni. "Sikuikumbuka hata jela."

"Sasa nini?"

"Alikuwa ananiangalia. Pumzi haipiti, lakini ameng'ang'ania mkono wangu, macho yote kwangu, kama vile mimi ndiye nitakayemwokoa." Aliutazama mkono huo. "Ningesema pale, angesikia. Sikutaka ajue ni mimi."