Mtu wa Nane Ukingoni

Fundi Mraba hakupewa jina hilo bure. Pembe za fremu zake za picha zilinyooka hata majirani wakamtania kwamba akikohoa, kikohozi kinatoka na pembe nne. Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yake, na mkewe alishona nguo za watu pale mlangoni, penye mwanga. Wote wawili walikuwa wamechoka. Si uchovu wa siku moja. Ni ule uliokwisha kuhamia nyumbani kama shemeji asiye na nauli ya kurudia.

Jumanne asubuhi mchoraji mmoja, mama mtu mzima mwenye rangi kwenye kucha, alileta picha ya turubai iliyoviringishwa. Wakaikunjua mezani. Ilikuwa michirizi mizito, imepakwa kama kwa hasira, na ukiikazia macho ndipo unawaona watu: wanane, hawana nyuso, kila mmoja na upande wake. Wa nane alikuwa ukingoni kabisa, wa rangi ya samawati, ameinama, mgongo umepinda.

"Fundi, huyu wa ukingoni usimkunje," mama yule alisema taratibu. "Nakuomba sana. Aonekane mzima."

"Ondoa shaka, mama."

Mke wa fundi akachungulia, akacheka. "Huyo naye kachoka kama mimi."

Kosa la fundi aliyechoka ni kupima ubao upande wa ndani badala ya wa nje. Alipogundua, mbao zilikuwa zimeshakatwa, fupi kwa vidole vinne. Kwenda kununua nyingine kulimshinda. Funika kombe mwanaharamu apite, akajiambia. Akauvuta ukingo, akaukunja nyuma ya ubao, mtu wa samawati akiwa ndani ya mkunjo, kisha akapigilia misumari midogo, vidole viwili kati ya msumari na msumari. Misumari tisa.

Jioni ile mkewe alianza kujishika ubavu. Kesho yake hakuweza kukaa wima. Daktari alimpima, akasema ni uchovu, apumzike. Apumzike vipi, na nguo za watu zimejaa hadi dirishani?

Alhamisi mchana akaita kwa sauti ndogo.

"Mume wangu. Hebu niangalie mgongoni. Kuna kitu kinanichoma."

Akamfungulia zipu ya gauni. Alama nyekundu zilishuka kutoka begani hadi kiunoni, zimepangwa mstari. Fundi akaweka vidole viwili kati ya alama moja na nyingine. Vikaenea. Akahesabu. Tisa.

Alichukua koleo, akailaza picha kifudifudi. Alipong'oa msumari wa kwanza, nyuma yake mkewe alishusha pumzi. Wa pili. Pumzi. Wa tatu. Fundi alikuwa analia sasa, kwa maana alimpenda mwanamke yule, na alijua ni uzembe wake mwenyewe uliomfikisha hapo. Wa nane. Wa tisa.

"Afadhali?" akanong'ona.

"Afadhali," sauti ikajibu.

Akaufungua mkunjo. Turubai pale ukingoni lilikuwa jeupe. Hapakuwa na mtu. Hata tone la rangi.

Nyuma yake cherehani ikaanza kulia.

Akanunua mbao mpya, akaiwamba picha upya bila kukunja chochote, akaifunga kwa karatasi ya kaki haraka haraka. Mama yule alipokuja Ijumaa, fundi alimkabidhi bila kumtazama usoni. Saa moja baadaye simu ikaita. Akaipokea huku akingoja matusi.

"Ahsante, fundi. Wote wanane wapo." Mama akaongeza. "Ila huyu wa ukingoni ana matundu tisa mgongoni. Na mimi nilimchora ameinama. Nani kamnyoosha mkono, kama anayeita mtu?"

Fundi akageuka. Mkewe alikuwa ameinamia cherehani, mgongo umepinda. Hakuwa amenyanyuka pale tangu jana mchana. Hakula. Hakulala.

"Pumzika basi, mke wangu."

"Sijachoka," akajibu, bila kuinua uso.

Fundi akatoka mbio, viatu mkononi. Alipofika kwa mama yule, ukuta ulikuwa mtupu. Mnunuzi alikuwa ameshaichukua picha, na hakuacha anwani.

Siku hizi mtaa mzima unamsifu mke wa Fundi Mraba kwa kujituma. Fundi husikiliza sifa hizo, moyo ukimuuma, akaitikia kwa kichwa. Mara mojamoja mteja hurudisha nguo akilalamikia doa, na fundi huipokea mlangoni kabla mkewe hajaiona. Huugeuza upindo, akapitisha kidole ndani. Doa huwa la samawati. Nguo imefuliwa mara tatu, mara nne, na rangi bado mbichi.