Kitambaa Kilichotundikwa Ukutani

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Cherehani ya pili pale dukani ilikuwa ya mumewe, nayo ilifunikwa shuka. Mwaka wa tatu huo tangu wanajeshi wamchukue, na kila ofisi ilimwambia, "Hapa hayupo."

Wanawake kumi na wawili, yeye akiwamo, wote mafundi, wote waume zao wamechukuliwa, waliunda chama cha amani. Wakafanya wanachokijua. Walitarizi majina ya waume zao kwenye kitambaa kirefu, wakakituma ng'ambo, kwenye baraza la mataifa. Miezi minne baadaye ikaja bahasha. Ndani mlikuwa na picha: kitambaa chao kimetundikwa ukutani, na wakubwa wenye suti wanatabasamu mbele yake. Nyuma ya picha waliandika: "Asanteni kwa kazi nzuri."

"Wametufanya pambo," Mama Pindo alisema, akalia mbele ya wateja.

Jirani yake alikuwa karani mstaafu. Walimwita Bwana Nakala, maana hata risiti ya sabuni aliitolea nakala. Aliitazama ile picha, akaguna.

"Shemeji, kule viti vya mbele ni vya serikali. Vyama kama chenu hukaa nyuma, tena vikipewa nafasi. Lakini ipo kamati ya watu waliopotezwa. Hiyo haitaki kitambaa. Inataka fomu, kila mtu na yake: jina, siku, mahali, nani alimchukua, alivaa nini. Kisha inaiuliza serikali kwa maandishi."

"Na serikali ikikana?"

"Itakana. Nao watauliza tena. Sikudanganyi, hawana askari wa kuvunja mlango wa gereza."

Mama Pindo alijaza yake mwenyewe, na wenzake wakajaza zao. Alivaa nini? Shati la bluu, kifungo cha tatu hakipo. Alikuwa amemwambia mumewe atakishona jioni. Akaandika hivyo hivyo, akaituma fomu.

Ilikuja nambari ya faili. Baadaye likaja jibu la serikali, neno moja tu: "Hatumjui."

"Zamani walikana kwa mdomo tu," alisema Bwana Nakala. "Sasa wameandika uongo, wakautia sahihi. Tunza nakala, siku moja watajibu mbele ya hakimu."

"Siku gani?"

Bwana Nakala alilikunja lile jibu, akamrudishia.

Tangu hapo, kila mwaka kamati humwandikia: "Je, bado unamtafuta? Usipojibu, faili itafungwa." Mwaka huu wenzake wanne hawakujibu. Wamechoka, na hakuna wa kuwalaumu.

Mama Pindo naye amechoka. Aliandika, "Ndiyo," akaenda kutoa nakala.