Ubao Usio na Alama

Kila Jumamosi, Penina akishafagia uwanja na kuwapa kuku pumba, alivaa gauni lake la zamani lenye madoa ya rangi, akashika njia ya kwenda kwa Mwalimu Elieza. Hapakuwa mbali. Ilikuwa nyumba ya baraza pana palepale mtaa wa Miyuji, Dodoma, na hata mgeni aliitambua kwa mlango wake, kwa maana hakuna mlango mwingine mtaani uliochorwa kanga na vifaranga wake.

Mwalimu Elieza alikuwa mchoraji tangu ujana wake. Alipostaafu ualimu hakuiweka brashi chini, bali aliwakusanya watoto wa mtaa akawafundisha kuchora. Mkewe, Mama Erica, ndiye aliyewapa karanga za kuchemsha na kuwakemea waliojipangusa rangi kwenye nguo. Mwaka uliopita, zabibu zikikaribia kuiva, Mama Erica alifariki. Baada ya matanga watoto walirudi barazani. Karanga hazikuwapo, na aliyejipangusa kwenye nguo hakukemewa na mtu.

Mbao za kuchorea hupatikana kwa shida, kwa hiyo Mwalimu alikuwa na utaratibu wake. Picha isiyotakiwa tena aliitia alama ya msalaba kwa chaki mgongoni, akaiegemeza ukutani pamoja na zile za kutunzwa. Mtoto wa zamu aliipaka rangi nyeupe ya maji, ikikauka ikachorwa picha mpya.

"Geuza kwanza, tazama nyuma," Mwalimu alizoea kusema. "Usio na alama hauguswi."

Siku ya zamu ya Penina, wenzake walikuwa wakicheza mpira wa rede nje.

"Penina, tunafungwa huku! Njoo bwana!" Stara alimwita.

Ndani, Penina alichovya brashi pana kwenye kopo, akapaka ubao wa kwanza, akapaka wa pili. Macho yake yalikuwa mlangoni, kwenye mchezo. Mkono tu ndio uliokuwa kazini. Alipoutazama ubao wa tatu, palikuwa pamebaki jicho moja, na juu yake kovu dogo kwenye nyusi.

Alilijua kovu lile. Ilikuwa picha ya Mama Erica akivuna zabibu kwao Hombolo, picha ambayo Mwalimu aliichora mkewe akiwa bado mzima.

Kitambaa kilikuwa karibu na rangi ilikuwa mbichi. Penina alikishika. Mara akamsikia Mwalimu akikohoa barazani. Akakitupa kitambaa, akaichukua brashi, akalipaka jicho.

Tangu hapo hakupata nafasi ya kupumua. Ili mtu mwingine asije akaugeuza ubao ule, alisema ni wake, akachora juu yake mbuzi wakinywa maji bwawani. Akachora kwa bidii ya mtu anayeziba tundu. Picha ikatoka nzuri kuliko zote alizowahi kuchora.

"Hii itakwenda kwenye maonesho," alisema Mwalimu. Maonesho hayo yalikuwa ya wachoraji wa Dodoma, katika ukumbi mmoja mjini, na safari hii watoto walitengewa ukuta wao.

"Mama mbuzi!" Amiri alimtania. "Unawapeleka maonesho au mnadani?"

Wote wakacheka. Penina naye alicheka. Nyumbani mama yake alikwisha kuwaalika wanakwaya wenzake. Kila aliyempongeza alikuwa kama anayeongeza jiwe kwenye mlango ambao Penina alitamani kuufungua.

Kisha Mwalimu akaanza kuitafuta picha ya mkewe, aipeleke nayo kwenye maonesho. Alitafuta nyuma ya kabati, chini ya kitanda, na juu ya dari ambako kulikuwa na popo tu. Akaenda hata Hombolo kuwauliza shemeji zake, akarudi na vumbi hadi kwenye kope.

"Mwalimu, labda imeibiwa," alisema Stara.

"Nani aibe picha ya bibi kizee mwenye kikapu? Hapana, mjukuu wangu. Ni uzee huu. Nimeiweka mahali, na kichwa kimekataa kuniambia ni wapi."

Penina aliinamia brashi zake. Alisafisha brashi iliyokwisha kuwa safi.

Siku moja kabla ya maonesho, watoto walikuja kufunga picha kwenye magazeti. Mwalimu aliketi kwenye kigoda, mikono imelala magotini.

"Wanangu, baada ya kesho tutapumzika," alisema. "Mtanisamehe. Mtu asiyekumbuka alipomweka mke wake atawafundisha nini?"

"Tutapumzika mpaka lini?" aliuliza Amiri, na safari hii hakutania.

Mwalimu aliwapungia tu mkono waende. Watoto wakatoka mmoja mmoja. Penina alibaki mlangoni na ubao wa mbuzi kifuani. Mwishowe akarudi, akaulaza ubao magotini kwa Mwalimu, uso chini.

"Hauna alama, Mwalimu," alisema. "Sikugeuza. Mama Erica yuko humu. Si uzee wako. Ni mimi."

Mwalimu alipitisha kiganja mgongoni mwa ubao, mahali ambapo msalaba wa chaki ungekuwapo. Alikipitisha tena na tena, hadi Penina akatamani apigwe tu yaishe.

"Ulipaka rangi gani?"

"Nyeupe ya maji, ya kopo kubwa. Na mbuzi pia ni rangi ya maji."

"Mimi nilimchora kwa rangi ya mafuta." Mwalimu alinyanyuka. "Rangi ya maji haishiki vizuri juu ya mafuta. Ikilowa sana hubanduka. Lete beseni na kitambaa laini." Kisha akasita. "Lakini mbuzi wako watakwenda, Penina. Kesho hutakuwa na kitu ukutani."

"Najua, Mwalimu."

"Basi mkono wa kufuta uwe wako."

Penina alikilaza kitambaa chenye maji juu ya ubao, na walipokuwa wakingoja akamsimulia Mwalimu yote: kikohozi, jicho, na mbuzi. Alipoanza kusugua polepole, mbuzi wa kwanza alilegea, akabanduka kama ganda la kitunguu. Bwawa likatoka. Rangi nyeupe ikavimba. Chini yake likachungulia kovu dogo, kisha jicho.

Mwalimu aligeukia ukuta. Mabega yake yalitikisika kidogo. Penina aliendelea kusugua huku machozi yakidondokea ubao pamoja na maji.

Si kila kitu kilirudi. Kwenye bega la Mama Erica lilibaki doa jeupe lililokataa kutoka.

"Liache," alisema Mwalimu. "Ukilazimisha utamchuna."

Jioni ile Penina alimweleza mama yake yote, bila kupunguza. Mama alikasirika, akafoka. "Wanakwaya utawaambia mwenyewe," alisema.

Kesho yake ukumbini, kwenye ukuta wa watoto palikuwa na msumari mtupu. Wanakwaya walipouliza, Penina aliwasimulia, masikio yakiwaka moto. Baadaye Amiri akamsogelea.

"Mbuzi wako wamekwenda wapi, kweli?"

"Niliwafuta. Nilikuwa nimewachora juu ya Mama Erica."

Amiri alifungua kinywa kutania, akakifunga. Wakaenda pamoja kusimama mbele ya picha ya Mama Erica, iliyotundikwa katikati ya ukumbi na doa lake begani.

Mwalimu aliwakuta hapo. "Siku ile nilipokohoa ungeniita tu," alimwambia Penina. "Rangi ikiwa mbichi, kitambaa kimoja kingetosha. Ulipolipaka jicho, ilibidi uchore mbuzi. Ulipochora mbuzi, ilibidi uninyamazie nikihangaika hadi Hombolo. Kosa humpata kila mtu, mjukuu wangu. Lakini ukilificha, litakutaka ulifiche tena kila siku. Liseme likiwa bichi."

"Nimesikia, Mwalimu. Nisamehe."

"Nilikwisha kukusamehe pale kwenye beseni." Akatazama bega lenye doa. "Erica angekukemea kwa kupoteza rangi, kisha angekupa karanga."

Jumamosi iliyofuata baraza lilijaa tena. Mezani palikuwa na sufuria ya karanga, ambazo Mwalimu alizichemsha mwenyewe, chumvi ikiwa imezidi. Akamwonyesha Penina mbao zilizoegemea ukutani.

"Zamu yako," alisema.

Nje wenzake walikuwa wakiita. Penina aliushika ubao wa kwanza, akaugeuza, akatazama nyuma.