Marahaba ya Dorika

Kijijini Misigiri asubuhi haianzi na chai. Inaanza na salamu. Ukipita nyumba ya mtu bila kuamkia, habari zako zitafika bombani kabla yako. Na mtoto asiyeamkia, anayesemwa ni mama yake.

Kristina alisemwa sana. Binti yake, Dorika, ana miaka saba. Anachambua alizeti vizuri kuliko watu wazima, lakini hazungumzi kama watoto wengine. Hurudia anachosikia. Kelele zikizidi, huziba masikio na kujing'ata mkono.

"Sema shikamoo," mama yake humwambia mgeni akiingia.

"Sema shikamoo," Dorika hujibu.

Wageni hucheka. Kristina hachekeshwi.

Jumapili moja babu yake Dorika, Mzee Melkizedeki, alikuja na wenzake kutoka kanisani. Kabla hajakaa, Dorika alisema kwa sauti nzito, kama ya mzee mwenyewe:

"Marahaba!"

Wageni wakageuka kumtazama.

"Alaa!" mzee alisema. "Kwani mimi ndiye nimemwamkia?"

Kristina alishikwa na aibu. Akamchapa mtoto mbele ya wageni. Dorika alijing'ata mkono mpaka damu ikatoka.

"Philipo," mzee alimwambia mwanawe, baba yake Dorika. "Huyu hana adabu, au amechezewa na wachawi. Mpeleke kwa dada yako shambani. Akae huko."

Philipo hakumbishia baba yake. Wakakubaliana Dorika aondoke Jumamosi. Kila mtu alijua maisha ya huko. Shangazi hutoka alfajiri kwenda kulima, na mlango ungefungwa kwa nje mpaka jioni.

Kristina hakulala wala kula. Alikwenda zahanati kuomba dawa ya kichwa. Muuguzi alimwona alivyo, akampeleka kwa Rukaiya, afisa ustawi wa jamii.

"Pole, Mama Dorika. Kichwa kimeanza lini?"

Kristina akalia. Akasema yote, hata fimbo.

"Mtoto hajalogwa," Rukaiya alisema. "Wala siyo malezi yako. Huenda ana usonji. Mtoto huzaliwa nao. Ubongo wake unapokea mambo kwa njia nyingine. Mpeleke hospitali wampime, tujue vizuri."

"Kuna dawa ya kuuondoa?"

"Hakuna, na asikudanganye mtu. Kuna mafunzo, na kuna subira."

"Lakini mbona anamtukana babu yake?"

"Hamtukani. Babu akija, neno gani humtoka kila mara?"

Kristina akafikiri. "Marahaba."

"Basi! Kwake hiyo ndiyo salamu ya babu. Na ukimwambia 'sema shikamoo', anarudisha maneno yote kama alivyoyasikia. Ondoa 'sema'. Simama kando yake, sema wewe mwenyewe 'Shikamoo, babu', kisha nyamaza. Mpe muda. Usimlazimishe kukutazama usoni. Akiziba masikio, mpeleke penye utulivu. Fimbo iache kabisa. Haimfundishi, inamtisha tu."

"Watu wananicheka, dada. Nimechoka."

"Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Wanaokucheka hawajaubeba. Wazazi wenye watoto kama wako hukutana hapa kila Alhamisi, wanazungumza na mshauri. Njoo. Mlete na baba yake."

Ijumaa Rukaiya alikwenda kwa Mzee Melkizedeki. Aliamkia kwa adabu, akaeleza yaleyale. Mzee alibisha.

"Zamani hatukuwa na magonjwa haya."

"Siyo ugonjwa, mzee. Na watoto hawa walikuwepo. Walifichwa ndani."

Mzee akakumbuka ya kwao. Alikuwa na mdogo wake, Petro, aliyefungiwa ndani utotoni mpaka akafa. Nyumbani kwao hakuna aliyemtaja tena.

"Mtoto haondoki," alisema.

Hospitali walithibitisha kuwa ni usonji. Sasa Dorika anasoma, na mwalimu humkalisha mbali na kelele. Philipo, aliyesema anakwenda Alhamisi kumsindikiza mkewe tu, siku hizi ndiye anayemharakisha. Kristina analala.

Na mzee? Kila alipokuja, alisimama kando ya mjukuu wake, akasema, "Shikamoo, babu."

"Jamani, mzee anajiamkia mwenyewe!" majirani walicheka.

"Chekeni," alijibu. "Wa kwenu wanawaamkia. Mimi namngoja wangu."

Alingoja miezi mingi. Mara nyingine alipata "Marahaba", mara nyingine hakupata kitu.

Siku moja aliingia uani. Dorika alikuwa anapanga vifuniko vya sufuria. Hakuinua uso. Kabla mzee hajasema neno, mtoto alitamka:

"Shikamoo, babu."

Mzee alifungua mdomo, sauti haikutoka. Alilia mbele ya Kristina, mkwe wake, wala hakujificha.

Dorika alingoja kidogo. Alipoona kimya, akamsaidia:

"Marahaba."